Bendeji ya Goti Zima

Kila Jumapili baada ya misa, Barney Quilligan alikwenda kumpasulia kuni Bi. Tregenza, na kila Jumapili alirudi kwake ameshiba na ana aibu. Shibe ilitoka jikoni kwa Bi. Tregenza, ambaye hakumruhusu mtu aliyeshika shoka uani kwake aondoke bila kula. Aibu ilitokana na jambo ambalo Quilligan alilijua na yule mama hakulijua, au ndivyo Quilligan alivyojipa moyo.

Quilligan alikuwa mkandaji wa timu ya mtaa wa Merri Flat, ya ule mpira wetu unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Siku za kazi alikwangua ngozi kiwandani kama nusu ya wanaume wa mtaa ule, akinuka chokaa na mafuta ya kondoo. Jumamosi alinawa mpaka viwikoni, akachukua mkoba wake wa bendeji na chupa ya mafuta ya mkaratusi, akawa mtu anayesalimiwa kwa jina. Alikuwa mgane asiye na mtoto. Miguu aliyoijua kuliko yake mwenyewe ilikuwa ya Vern Tregenza, mtoto wa pekee wa yule mama. Aliikanda misimu sita, akajua kila mshipa wake.

Na ilistahili kukandwa. Vern akiruka kudaka mpira, walisema watu wa Merri Flat, unaweza kuwasha kiko kabla hajatua. Alipanda juu ya mabega ya beki kama mtu anayepanda ngazi nyumbani kwao, akaudaka mpira kwa mikono miwili, akatua, akautuma katikati ya nguzo mbili ndefu bila hata kutazama. Wanawake waliokuwa hawajui tofauti ya goli na pointi walikuja uwanjani kumwona tu akiwa hewani.

Mwaka 1912 alitua vibaya, na goti la kulia likageuka upande ambao goti halipaswi kugeuka. Lilipona, lakini halikupona sawasawa. Akikimbia mbele lilimchukua. Akigeuka ghafla lilimwacha.

Hapo ndipo Quilligan alipotumia akili yake, na akili hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna. Mchezo wetu una tabia moja ambayo hakuna mchungaji aliyefanikiwa kuikemea: beki akiona bendeji, anaipiga. Haichukui dakika tano. Anakuja na nyonga, na goti, na buti, anaomba radhi, anapiga tena. Basi kila Jumamosi Quilligan alilifunga goti la kushoto, lililo zima, kwa bendeji nene nyeupe iliyoonekana toka upande wa pili wa uwanja. Lile la kulia alilifunga ndani ya kaptura ndefu kwa utepe mwembamba wa flana, akamalizia kwa fundo alilolibuni mwenyewe. Fundo hilo lilishika kama gundi, na lilifunguka kwa kuvuta ncha yake kwa kidole kimoja, maana mtu aliyeumia hana subira. Mabeki wa mji mzima wakachosha nyonga zao kwenye goti zima. Vern akacheza misimu minne zaidi.

Siri hiyo ilikuwa ya watu watatu. Flana yenyewe ilikuwa nyekundu, aliikata Bi. Tregenza kutoka kwenye shumizi yake ya baridi.

"Msiniulize jioni nitavaa nini," alisema siku ile, akiwa na mkasi mkononi. "Nguo yangu ya ndani inacheza mpira. Marehemu baba yako angekufa tena, Vern."

Wakacheka wote watatu. Quilligan alikikumbuka mno kicheko kile.

Kisha mwaka 1914 vita vikuu vikaja, vya kupigana ng'ambo, na uwanja ukabadilika. Wanaume wenye matumbo makubwa, ambao hawangeweza kukimbia mpaka kwenye lango la kuingilia, waligundua kwamba wao ni majemadari. Walisimama kwenye uzio na bia mkononi wakiuliza kwa nini vijana wenye nguvu wanafukuza mpira wakati wenzao wanakufa. Mwuza samaki mmoja, Dunstan, sauti yake ilisikika kuliko filimbi ya refa.

"Tregenza! Unaruka juu kuliko ndege, mbona meli imekushinda kurukia?"

"Waturuki hawana bendeji ya kukukopesha, Tregenza!"

Wengine walimtumia manyoya meupe, alama ya mwoga, kwa posta, ndani ya bahasha safi, bila jina. Aliyapokea saba. Bi. Tregenza aliyatia yote jikoni kwenye moto, na wiki hiyo hakununua samaki.

Vern hakuweza kuwajibu. Angesema nini? Kwamba goti lake bovu ni la kulia? Angesema hivyo Jumamosi moja, na Jumamosi ya pili angebebwa. Na hata angesema la kushoto, kama walivyoamini wao, wangemwambia mbona unaruka.

Bwana Hallam, katibu wa klabu, naye alikuwa na mdomo. Alikaa pia kwenye kamati ya kuandikisha askari, na alitaka Merri Flat iongoze klabu zote kwa idadi ya waliokwenda, kama vile hilo nalo lilikuwa na kombe lake. Hakuwahi kumwambia Vern neno usoni. Alikuja chumba cha kubadilishia nguo, akasimama nyuma ya Quilligan anayekanda.

"Klabu inapakwa matope, Quilligan."

"Na mvua hii, bwana, hakuna asiyepakwa."

"Najua unanielewa. Yule kijana anakusikiliza wewe. Usipoweza kuniletea wachezaji wenye moyo, nitatafuta mkandaji mwenye moyo."

Quilligan alicheka, maana kucheka ni rahisi. Lakini neno lilimkaa. Bila mkoba ule alikuwa mkwangua ngozi tu.

Jumatatu moja ya Julai 1916, asubuhi, Vern alimkuta kwenye kibanda cha vifaa.

"Mzee, nifunge."

"Leo Jumatatu."

"Nifunge kama Jumamosi. Nakwenda kupimwa."

Quilligan alielewa papo hapo. Daktari wa jeshi angekuwa shabiki kama kila mtu. Angeona bendeji, angeifungua, angekunja na kukunjua goti zima kama la farasi, na asingeshughulika na lile jingine.

"Mama yako anajua?"

"Mama anamshukuru Mungu kila usiku kwa goti hili, mzee. Analitaja. Namsikia kupitia ukutani. Wewe ungeishi hivyo mpaka lini?"

Jambo lilikuwa jepesi. Angesema hapana, au angesema naumwa mikono, Vern angekwenda bila kufungwa, daktari angeona uvimbe wa kulia kwa macho tu, akamrudisha nyumbani. Hakusema hapana. Alimwambia aweke mguu kwenye benchi. Natamani ningeweza kusema alimfunga akilia. Alimfunga kwa madaha. Ilikuwa bendeji nzuri kuliko zote alizowahi kufunga, ngumu, nyeupe, kila mzunguko umelala juu ya mwenzake kwa kipimo kimoja. Na alipoona ni nzuri, alifurahi.

Mchana Vern alirudi amepasi. Alieleza jinsi daktari alivyolibonyeza goti la kushoto mpaka akachoka vidole, akampa mkono, akamwambia ana bahati. Wakaenda baa, wakacheka mpaka Quilligan akashika mbavu.

Kabla ya kupanda meli, Vern alimwomba amfundishe kujifunga fundo lile mwenyewe kwa ile flana nyekundu. Alijifunza kwa siku moja, kisha akamfundisha mama yake, ili awe anamfunga siku za mwisho nyumbani. Mama aliambiwa kwamba jeshi limeliona goti na litamweka stoo, akihesabu mablanketi, na barua zote zilizofuata zilizungumzia mablanketi.

Siku hizo jeshi lilikuwa limepata njia ya kutowaona wanawake wakilia: habari za kifo zilipelekwa na wachungaji. Matokeo yake hakuna mchungaji aliyeweza tena kutembea kwa miguu kunyoosha mwili. Jumatano moja ya Mei 1917 Mchungaji Ames alipita barabara ya Merri Flat polepole, kofia mkononi, na mapazia yakafungwa mbele yake nyumba hadi nyumba, hata kwa wale ambao wana wao walikuwa ndani wanakunywa chai. Alisimama kwenye lango la Tregenza.

"Umekosea nyumba, Mchungaji," alisema Bi. Tregenza, mikono ina unga. "Wangu yuko stoo."

Hakuwa stoo. Barua ya mwenzake mmoja ilifika miezi mitatu baadaye, imeandikwa kwa moyo mwema na bila busara. Ilisema waliamriwa kurudi nyuma kwa mbio, asubuhi, mahali tambarare. Vern alikuwa wa kwanza. Kisha mtu akaita nyuma, naye akageuka ghafla, na mguu ukamwacha, akakaa chini kama aliyeangusha kitu. Wenzake wakampita. Baada ya barua kikaja kifurushi cha vitu vyake: kiko, wembe, Agano Jipya, na utepe wa flana nyekundu. Quilligan alikuwapo kilipofunguliwa. Aliona kwenye flana mikunjo ya fundo lake, akatoka nje kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Kule Ufaransa hakuna aliyetazama bendeji.

Tangu siku hiyo Bi. Tregenza alikuwa na swali moja: nani alimpitisha mwanangu na goti lile? Aliliandikia jeshi mara nne. Na Quilligan, aliyekuwa na jibu, alipasua kuni. Meza ile ya Jumapili ndiyo familia pekee aliyobaki nayo. Alijua kwamba siku akisema, hatakaa tena pale, na kila wiki aliahidi moyoni kwamba atasema wiki ijayo.

Sasa ilikuwa Juni 1918, Jumapili ya baridi.

"Njoo ule, Barney."

"Nimalizie haya magogo mawili, mama."

"Magogo hayana miguu. Njoo."

Alikaa. Pai ilikuwa ya moto, imetiwa pilipili manga nyingi kama alivyopenda Vern. Bi. Tregenza hakula. Alitoa barua mfukoni mwa aproni, akavaa miwani.

"Limejibu."

"Jeshi?"

"Daktari mwenyewe. Sikiliza. 'Namkumbuka mwanao vizuri, maana nami ni mtu wa uwanjani. Nililipima goti lake la kushoto, ambalo kila shabiki anajua ndilo lililokuwa bovu, na ambalo alikuja nalo limefungwa bendeji nzito. Nilistaajabu kwa ufundi wa ile bendeji. Nililikunja, nikalibonyeza, sikuona dosari yoyote.'" Alivua miwani. "La kushoto, Barney."

Quilligan alikuwa na pai mdomoni, akaendelea kutafuna.

"Nani alimfunga mwanangu siku ile?"

Aliuliza kwa upole. Baadaye Quilligan alikumbuka kwamba aliuliza kwa upole mno, na kwamba alikuwa amesogeza kiti chake karibu, kama mtu anayetaka kumpokea mwenzake kitu kizito. Ilikuwa zamu yake. Alimeza.

"Pengine alijifunga mwenyewe, mama. Alikuwa ameshajua."

"Fundo alilijua. Bendeji nene hukumfundisha."

"Vijana huiga."

"Pengine," alisema Bi. Tregenza. Alimtazama, kisha akaikunja barua. "Nikuongeze chai?"

"Kidogo."

Alimmiminia. "Jumamosi Hallam anafunua ubao wa majina ya waliokufa vitani, kabla ya mechi. Amenitaka nivute kitambaa. Nitakwenda. Nitawaambia watu goti lipi lilikuwa bovu, na anayejua zaidi yangu atasema yeye mwenyewe."

Wiki hiyo Quilligan hakulala vizuri na hakukwangua ngozi vizuri. Alhamisi alifika mpaka kwenye lango la Bi. Tregenza. Aliona moshi wa jikoni, akasikia sufuria, akarudi. Alijiambia kwamba ni afadhali siku ya watu, akisimama mbele ya wote, litakuwa jambo la kiume. Mwoga hupenda sana kesho.

Jumamosi mvua ilikatika mchana. Ubao ulitundikwa kwenye ukuta wa jukwaa, umefunikwa bendera, majina kumi na moja chini yake. Bendi ya kiwanda cha ngozi ilijipanga na matarumbeta yake. Wachezaji walisimama mstari, na Quilligan kando yao na mkoba wake. Karibu na kamba alisimama Dunstan mwuza samaki, kofia kifuani, analia machozi ya kweli kwa ajili ya Vern Tregenza.

"Hakusita!" alisema Bwana Hallam. "Vita vilipoita, shujaa huyu hakusita hata siku moja! Hakuficha lolote! Merri Flat ilimpenda akiwa hai, na inampenda sasa." Alipiga kifua chake, upande usio na moyo. Kisha akamwita mama wa shujaa.

Bi. Tregenza alishika kamba ya bendera lakini hakuivuta. Hakupaza sauti. Watu walisogea ili wasikie.

"Goti bovu la mwanangu lilikuwa la kulia," alisema. "Lile mliloliona na bendeji lilikuwa zima. Tuliwadanganya ili asiumizwe. Flana ya lile bovu niliikata kwenye nguo yangu, kwa hiyo nami nimo. Miaka miwili mlimzomea kilema na kumwita mwoga. Wewe Dunstan, usilie, lia nyumbani kwako."

Dunstan alivaa kofia.

"Na siku aliyokwenda kupimwa alifungwa vilevile, goti zima, ili lile bovu lisionekane. Aliyemfunga yuko hapa. Simtaji. Ana mdomo wake."

Quilligan alitazama mkoba wake. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: mimi. Angelisema hata kwa kunong'ona, angesikika. Aliufikiria mkoba, akamfikiria Hallam, akaifikiria pai ya Jumapili, akaona kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, pengine itapita. Bi. Tregenza alikuwa akimtazama, na bado hakumtazama kwa chuki. Alikuwa akimsubiri. Alimsubiri kwa muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angemsubiri katika hali ile.

Hallam aliipungia bendi. Matarumbeta yakalia, wala si yote kwa pamoja. Bi. Tregenza aliiachia kamba, akapita katikati ya watu, wakampisha. Kitambaa alikivuta Hallam mwenyewe.

Mechi ikaanza. Na kwa kuwa wachezaji wa upande wa pili nao wana masikio, hazikupita dakika kumi kabla beki wao hajampiga mshambuliaji wa Merri Flat kwenye goti lisilo na bendeji. Alianguka akipiga kelele. Quilligan aliingia mbio na mkoba wake na chupa ya mkaratusi, na uzio mzima ukaamka.

"Mzee! Leo umefunga lipi?"

"Quilligan! Usinikande mimi, nina mama!"

Wote walijua. Wangeacha kujua vipi? Timu ilikuwa na mkandaji mmoja. Alikuwa amelificha neno lake mahali ambapo kila mtu alikuwa ameshaliona, na yeye peke yake alidhani limefichika. Watu walimcheka, na Hallam aliyekuwa jukwaani alicheka nao, na hakuna aliyemfukuza kazi.

Kesho yake, Jumapili, alikwenda kwa Bi. Tregenza. Msimwulize kwa nini. Miguu ilizoea, na njiani alikuwa amepata maneno, mazuri, ya kutosha. Angeanza na kibanda cha vifaa. Angesema kuhusu kufurahi kwake, na baa, na kicheko. Hangeacha kitu.

Uani kuni zilikuwa zimekwisha kupasuliwa. Zimepasuliwa vibaya, kwa mikono isiyozoea shoka, nyingine nene na nyingine vibanzi, zimepangwa ukutani za kutosha mwezi mzima. Dohani ilikuwa ikitoa moshi. Harufu ya pai ilifika mpaka barabarani.

Lango lilikuwa limefungwa kwa utepe wa flana nyekundu, umezungushwa mara tatu, kila mzunguko umelala juu ya mwenzake, ukamaliziwa kwa fundo la Quilligan. Ncha ilikuwa imeachwa nje, kama alivyofundisha.

Quilligan aliishika ile ncha ndogo. Ndani alisikia kiti kikisogezwa, kama mtu anayeketi ili asikilize. Alisimama hapo mpaka kengele ya kanisa la Wamethodisti ikalia na watu wakaanza kupita na vitabu vyao vya nyimbo. Mmoja alimsalimu kwa jina.

Aliachia ile ncha, akavaa kofia yake, akaenda zake.